Namna ya Kuikabili Hofu kwa Kumtumaini Mungu

Anza kwa kuitaja hofu yako waziwazi mbele za Mungu, kwa sababu sala isemayo tu "Bwana, niondolee hofu" huuacha moyo umefumbwa, ilhali anayesema "naogopa majibu ya daktari" au "naogopa kuachwa peke yangu" amekwisha kuliweka jambo lenyewe mikononi mwake. Ndivyo alivyofanya Daudi: katika Zaburi 56:3 hadai kwamba haogopi, bali asema kwamba siku ya hofu yake atamtumaini Mungu. Kuogopa, basi, si ushahidi wa imani haba, hata kama wapo wanaohubiri hivyo.

Kariri mstari mmoja, uutamke kwa sauti hofu inapopanda, hasa usiku. Wafilipi 4:6 hufaa sana, maana huunganisha maombi na shukrani. Kwa hiyo kila ombi lifuatishe na jambo moja ambalo Mungu amekwisha kukutendea.

Usiupuuze mwili. Nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli, aliyetaka kumwua, hata akaomba afe, malaika hakumkemea, bali alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, kisha akaamshwa ale mara ya pili kabla ya safari ya kwenda mlima Horebu (1 Wafalme 19).

Ukishapumzika, mwombe ndugu mmoja katika imani asali nawe, kisha chukua hatua ndogo kuelekea lile unaloliogopa, kwa mfano kupiga simu uliyoiahirisha. Hofu ikikunyima usingizi kwa majuma kadhaa, mwone pia daktari au mshauri nasaha.