Ukiugua saratani ughaibuni, shika faili lako mwenyewe

Hospitali za ughaibuni zina wataalamu wengi, na katika wingi huo ndimo mgonjwa mgeni anamopotea. Daktari wa upasuaji ni mmoja, wa kemo (dawa za kuua seli za saratani) ni mwingine, wa mionzi ni wa tatu, na yule anayechunguza kwenye darubini kinyama kilichokatwa mwilini mwako hutamwona kabisa. Kila mmoja anakujua kwa upande wake. Anayekuwepo katika kila miadi ni wewe peke yako. Kwa hiyo, ndugu yangu, tafuta faili la kuwekea nakala za majibu yako yote kabla ya jambo lingine lolote.

Nilijifunza hili nikimsindikiza dada yangu. Tulifika hospitali ya pili tukiamini kila kitu kimeshatumwa, kumbe majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kinyama, hayakuwa yamefika. Daktari alikuwa mwema, lakini hakuwa na la kutuambia. Wiki mbili zikapita hivihivi. Tangu siku hiyo hatukwenda miadi bila nakala mkononi.

Karatasi inayotangulia zote ni ripoti ya patholojia, yaani ya yule aliyechunguza kinyama. Hiyo ndiyo inayotaja aina ya saratani na daraja lake, na kwa saratani ya matiti inaeleza kama seli zina vipokezi vya homoni (sehemu zinazonasa homoni) na kama zina protini ya HER2 kwa wingi. Dawa huchaguliwa kwa kuitazama. Halafu usichanganye daraja na hatua. Daraja linaeleza seli zimebadilika kiasi gani zikilinganishwa na za kawaida. Hatua, kuanzia 1 hadi 4, inaeleza ugonjwa umeenea hadi wapi mwilini. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 na bado akawa hatua ya 1. Nimeona mtu akilia usiku kucha kwa kusoma namba moja akidhani ni nyingine. Na neno "chanya" lisikufurahishe: tezi za limfu zikiandikwa kuwa chanya, maana yake seli za saratani zimekutwa humo.

Walioko Marekani wajue kwamba kwa sheria ya huko majibu kwa kawaida huingia kwenye akaunti yako ya mgonjwa mara yanapokuwa tayari. Unaweza kulisoma neno saratani kwenye simu ukiwa kwenye basi, daktari hajakupigia. Amua mapema kama utafungua peke yako au utasubiri mtu wa kukaa naye.

Kuhusu lugha nitasema kwa mkazo: omba mkalimani hata kama unaongea Kiingereza kila siku kazini. Kiingereza cha kazini hakitoshi siku unapoambiwa ini limeguswa. Huduma hiyo hulipi, Uingereza na Marekani pia, na uiombe wakati wa kupanga miadi, si ukishafika mlangoni. Taja Kiswahili, tena useme unatoka wapi, ili wasikuletee mtu wa lugha nyingine kwa kudhani zote ni moja. Usimpe mwanao kazi hii. Mtoto wa miaka kumi na mbili hapaswi kuwa mtu wa kwanza kumwambia mama yake kwamba saratani imesambaa, na akiogopa atapunguza maneno. Nchini Marekani sheria inaikataza hospitali kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura.

Kisha pata namba za simu za kupiga ukipata shida. Idara nyingi za saratani zina muuguzi maalumu anayefuatilia mgonjwa, na pia namba ya dharura ya saa 24. Ziandike zote mbili ukutani, si kwenye simu tu. Ukiwa kwenye kemo, chembe nyeupe za damu hushuka na mwili hauna askari wa kutosha. Joto likifika nyuzi 38, piga simu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hujisikii vibaya sana. Usimeze panadol kwanza ili "uone itakavyokuwa", maana itashusha joto na kuficha maambukizi yanayoweza kuua kwa saa chache. Nunua kipimajoto leo. Kama unatumia mitishamba, mtajie daktari bila kuona haya, kwa sababu ipo inayopunguza nguvu ya dawa na ipo inayoongeza sumu yake.

Kama unatarajia kupata watoto, uliza kuhusu kuhifadhi mayai au mbegu kabla ya dozi ya kwanza. Baadaye huenda ikawa umechelewa, na si kila daktari atakumbuka kukuuliza.

Taratibu za Uingereza na Marekani hazifanani. England unaanzia kwa daktari wa familia, na huhitaji kuonyesha hati ya ukaazi ili kujiandikisha. Lengo la NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, ni kwamba aliyepewa rufaa ya haraka aambiwe ndani ya siku 28 kama ana saratani au hana, na matibabu yaanze ndani ya siku 62. Lengo halifikiwi kila mara. Kwa hiyo andika tarehe ya rufaa yako, na siku zikipita, piga simu na uitaje. Omba pia fomu ya FP92A: mgonjwa wa saratani halipii dawa za kuandikiwa huko England kwa miaka 5, kisha anaomba tena.

Marekani vita vyako vikubwa ni vya bima. Kabla ya kipimo kikubwa uliza kama idhini ya bima imeshatoka na kama daktari yumo kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya madaktari inaowalipia. Wakikataa, usikubali kirahisi. Kwa bima nyingi una siku 180 za kukata rufaa, na ukishindwa hapo unaweza kudai mapitio ya mtu huru asiye wa kampuni. Bili ikikuzidi, hospitali isiyo ya faida inalazimika kuwa na mpango wa msaada wa malipo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Omba kabla hujaanza kulipa kwa kadi ya mkopo.

Ukitajiwa huduma ya tiba shufaa, usidhani wamekukatia tamaa. Kazi yake ni maumivu, kichefuchefu na usingizi, na inaweza kwenda sambamba na kemo tangu mwanzo.

Matibabu yakiisha, usiage bila muhtasari ulioandikwa: majina ya dawa, jumla ya dozi, sehemu zilizopigwa mionzi, na ratiba ya vipimo vijavyo. Sisi tunahama. Dawa ya kemo kama doksorubisini ina kiwango cha mwisho cha maisha yote kwa sababu huumiza moyo, na daktari wa nchi nyingine, miaka kumi baadaye, ataipata jumla uliyokwisha kupewa ndani ya faili lako tu.