Somo: vyuma vya gofu vikukae mwilini, mpira uanguke pale pale

Asalaam aleikum wana gofu. Naulizwa sana mbona leo chuma namba 7 kinapiga mpira mita 130 kesho 115, wengine washaanza kulaumu mikono yao. Mie nasema anza na fimbo, maana wengi wetu hapa Unguja tunachezea seti ya mtumba au alioiacha mgeni, ilipimiwa mtu mwengine kabisa.

Kwanza urefu. Vaa viatu unavochezea, simama wima mikono ining'inie, mtu akupimie kwa tepu kutoka kifundo cha mkono mpaka chini, kipimo hicho ndo kinachokwambia urefu wa fimbo. Usijipime peke yako, ukiinama tu kipimo kishaharibika. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kutumia fimbo ya kawaida tu, usione urefu wake.

Pili mlalo, yaani pembe ya fimbo na ardhi, na hapa ndo penye kazi. Chukua makapeni uchore mstari mzito kwenye mpira, uusimamishe wima ukiangalia uso wa fimbo, halafu piga, wino utabaki kwenye chuma. Mstari wa wino ukisimama wima mlalo uko sawa. Mstari ukiinamia nchani, mwisho wa kichwa cha fimbo ulio mbali na wewe, ujue ncha imenyanyuka, na kwa wa mkono wa kulia mpira utakwenda kushoto, ukiinamia shingoni ni kinyume chake. Mie nilihangaika miaka miwili na kushoto hiyo hiyo, nikabadilisha miguu, nikabadilisha kushika, kumbe fimbo imesimama digrii 3 zaidi! Piga hata mipira kumi, mmoja usiuamini.

Tatu umbali. Pima mpira unapoangukia sio unapotulia, kiangazi ardhi kavu mpira unabiringika mpaka unajiona bingwa. Kule Mangapwani mie naenda asubuhi upepo haujaamka, kusi likishashika namba zote za uongo. Kila chuma mipira 10, toa ile mibovu, chuma na chuma viachane mita 10 hivi. Viwili vikifika sawa angalia lofti, yaani pembe ya uso wa fimbo inayopaisha mpira, 7 za zamani ni digrii 34 au 35, za siku hizi nyingi 28 mpaka 30, sasa ukichanganya 6 kongwe na 7 mpya umebeba fimbo moja mara mbili.

Shafti, ule mpini wa fimbo, sisemi sana, laini kupita kiasi mara nyingi mpira unapaa na kwenda kushoto, ngumu sana unakwenda chini na kulia.

MASWALI

Wa Bububu: Sheikh, nimpe fundi wa kuchomea anipindie shingo ya fimbo mlalo ukae sawa?

Jibu: Hapana yakhe, moto usiuguse! Chuma kinapindwa baridi kwenye mashine yenye kipimo cha digrii. Cha kufuliwa kinakubali, cha kumiminwa kinaweza kukatika shingo, digrii 2 zinatosha.

Wa Chake: Mie sina uwanja karibu, napigia shamba kwenye minazi, itafaa?

Jibu: Wino utafaa, ila unaposimama pawe sawa, pakiwa na mteremko mstari utakudanganya. Umbali pima kwa kamba, panga ndoo kila mita 10 na umuweke kijana aangalie inapoangukia.

Bi Mgeni: Kaka, nimerithi seti ya mume wangu, ndefu, nikate?

Jibu: Dada, ukikata shafti inazidi ugumu, kichwa unakisikia chepesi na mlalo nao unabadilika, bora utafute za shafti ya grafaiti, ile kaboni nyepesi, zilokuwa fupi tangu mwanzo. Halafu umesema umerithi, mwenyewe si yuko hai? Muulize kwanza kabla hujatia msumeno.