Kabla ya kwenda kuiona barafu ya Kibo: mambo ya kuzingatia

Barafu ya Kilimanjaro iko juu kabisa, kwenye Kibo, kilele kikuu cha mlima, na mtu huifikia saa ambazo mwili umechoka kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Hilo ndilo la kulielewa kwanza, kwa sababu karibu maandalizi mengine yote yanatoka hapo. Wapo wengi wanaofika Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, wakapiga picha kwenye kibao na kugeuka kushuka, na ukiwauliza barafu ilikuwaje wanakwambia hawakumbuki vizuri. Walifika hoi, kichwa kinagonga, macho yakiwa kwenye visigino vya aliyetangulia. Kama unakwenda kwa ajili ya barafu yenyewe, na ningependa sana kila mwenye uwezo katika nchi zetu hizi aione, panga safari ili ufike pale ukiwa bado na nguvu ya kuinua kichwa.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Mwaka 1912 barafu ya mlima huu ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Wapo wanasayansi waliokadiria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha, bado ipo, lakini mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Sehemu kubwa ya barafu ya pale kileleni haiyeyuki ikatiririka. Hewa ni kavu kiasi kwamba chini ya jua kali inageuka mvuke moja kwa moja, na ndiyo maana kuta zake zimesimama wima kama zilizopasuliwa kwa msumeno.

Jua mapema utaiona wapi. Ukipanda kwa njia ya Machame au Lemosho, usiku wa mwisho kwa kawaida unaanzia kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, na unatokea Stella Point kwenye ukingo wa kreta, shimo la volkano lililo kileleni, kunapopambazuka. Barafu ya Rebmann inakuwa kushoto kwako wakati unapanda, ila gizani hutaiona. Kutoka Stella hadi Uhuru ni kama saa moja ya mwinuko mpole kuelekea magharibi. Kushoto, upande wa kusini, kuna mabaki ya Rebmann, Decken, Kersten na Heim. Kulia, ndani ya kreta, ndipo ilipo ile inayoitwa Furtwängler, jina la Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1912. Ng'ambo yake kaskazini kuna bapa la barafu kubwa kuliko yote, ambalo mwaka 2012 liligawanyika mapande mawili. Anayepanda kwa njia ya Marangu au Rongai hutokea Gilman's Point, kisha huzunguka ukingo kupitia Stella hadi Uhuru, kwa hiyo naye anapita palepale.

Wakati mzuri wa kuitazama ni unaporudi kutoka Uhuru, jua limeshachomoza na presha ya kufika imeisha. Mwambie muongozaji wako mkiwa bado Moshi: "Kaka, tukitoka Uhuru naomba tutulie kidogo kwenye barafu." Akijua mapema atapanga saa ya kuondoka kambini na mwendo wa usiku. Ukimwambia mkiwa juu, wakati upepo unavuma na mwenzako anatapika, hana namna ya kukusaidia.

Sasa siku. Ukiwa na fedha za kununua koti zuri zaidi au siku moja zaidi mlimani, nunua siku. Miongozo ya tiba ya milimani inashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Tazama Marangu ya siku tano: usiku wa kwanza Mandara, takriban mita 2,700, wa pili Horombo, 3,720, wa tatu kambi ya Kibo, chini ya kilele, karibu 4,720, na unaamshwa usiku huohuo kwenda kileleni. Ni ruka la mita elfu moja kwa siku, mara mbili mfululizo. Bei yake ndiyo inayovutia, na ndiyo inayowarudisha watu njiani. Marangu ya siku sita, yenye siku ya ziada Horombo, ni afadhali sana. Machame ya siku saba ni bora zaidi, kwa kuwa siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha unashushwa kulala Barranco, kwenye mita 3,900 na kitu. Panda juu, lala chini: mwili unapata kuzoea. Lemosho ya siku nane ndiyo ningemshauri mtu wa Pwani ambaye maisha yake yote ameishi usawa wa bahari.

Ugonjwa wa mwinuko haumchagui mnyonge. Kijana mwenye kifua cha mwanariadha anaweza kulala chini huku mama wa miaka sitini akipita taratibu na fimbo zake. Pale kileleni kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za mwanzo: mwambie muongozaji, usipande zaidi mpaka zitulie. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuongea visivyoeleweka, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, au kikohozi kikaleta mapovu, ni kushuka papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku. Dawa ya hali hiyo ni kushuka. Watu hufa kwa kuficha dalili, mara nyingi kwa sababu wamelipa fedha nyingi au wanaona aibu mbele ya wenzao. Kubalianeni kabla ya safari kwamba uamuzi wa muongozaji wa kukushusha haujadiliwi.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi na ambalo maandishi mengi ya wageni hulipita tu. Mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, asipande. Hata mtu aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye pengine hajawahi kuugua na wala hajui kwamba anayo, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa kwenye mwinuko mkubwa. Katika maeneo yetu kasoro hiyo ni ya kawaida. Pima damu kabla hujalipa chochote. Mweleze daktari pia kama una shida ya moyo, ya mapafu, upungufu wa damu, au kama ni mjamzito. Umuulize kuhusu asetazolamidi, ambayo wengi huijua kama Diamox: husaidia mwili kuzoea, lakini inakojoza, inatia ganzi vidoleni, na haimfai kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Kuhusu majira, epuka masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba. Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu. Ukitaka kuona weupe mwingi, tafuta siku zinazofuata mvua, ila tambua kwamba huo mara nyingi ni theluji mpya ya juujuu, inayoweza kuondoka ndani ya siku chache.

Nguo hazihitaji kukufilisi. Soko la Memorial pale Moshi lina mitumba ya majaketi mazito, na mjini kuna maduka ya kukodisha begi la kulalia, fimbo na tochi za kichwani. Kagua zipu ya begi la kulalia kabla hujaondoka dukani: ifunge mpaka juu na kuifungua mara kadhaa, kwa kuwa usiku wa mwisho joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri na zipu mbovu itakukosesha usingizi. Vaa kwa tabaka: nguo ya kubana mwilini isiyo ya pamba, juu yake fulana ya manyoya au sweta, kisha jaketi zito, na la mwisho koti lisilopitisha upepo na mvua. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki. Buti usikodi wala usinunue mpya wiki ya safari. Ni kitu pekee ambacho lazima kiwe chako na kiwe kimeshatembea nawe kwa wiki kadhaa.

Macho ni sehemu ya maandalizi ya barafu hasa. Mionzi ya jua inaongezeka kadiri unavyopanda, na theluji safi inarudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo usoni kwako. Miwani ya urembo haitoshi. Tafuta yenye kukinga miale ya UV na iliyofunika pembeni. Asiyevaa anaweza kuamka kesho yake macho yakiwaka kama yametiwa mchanga na asiweze kuyafungua. Ngozi nyeusi nayo inaungua kule juu, midomo na pua kwanza, kwa hiyo beba losheni ya kukinga jua.

Maji yanahitaji kufikiriwa. Kambi ya Barafu haina maji. Kila tone unalokunywa pale limebebwa na mtu kutoka bonde la Karanga, na ya kambi ya Kibo yanabebwa vilevile kutoka chini. Beba chupa ngumu, maana chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani. Usiku wa kileleni igeuze chupa juu chini kwenye begi: maji huanza kuganda upande wa juu, hivyo mdomo utabaki wazi. Mrija wa kunyonyea huganda mapema, usiutegemee. Simu na betri za akiba vikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo zitazima kabla ya picha ya kwanza.

Kwa kuwa maji, hema na chakula chako vitabebwa na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, uliza maswali kabla ya kulipa. Kila mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku? Wanalala wapi, wanakula mara ngapi? Mzigo unapimwa? Hifadhi imeweka ukomo wa kilo 20, na pale getini kuna mizani. Kampuni inayokupa bei ya ajabu imepunguza mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye tumbo na mfuko wa vijana hawa. Bahshishi iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kupanda bila muongozaji mwenye leseni hairuhusiwi, na raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya chini sana kuliko wageni, mradi aje na kitambulisho au pasipoti.

Ukifika, usipande juu ya barafu wala usisimame chini ya ukuta wake. Vipande hudondoka bila kuonya. Kushuka ndani ya kreta hadi Furtwängler ni safari ya pekee, inayopangwa na kulipiwa mapema. Na ukishawishiwa njia ya Western Breach kwa sababu inakufikisha karibu na barafu haraka, fahamu kwamba Januari 2006 wapandaji watatu kutoka Marekani waliuawa pale na mawe yaliyoporomoka.

Mwisho, hifadhi nguvu za kushuka. Siku hiyohiyo, baada ya usiku mzima wa kupanda, mtu wa Machame anateremka hadi kambi ya Mweka, karibu mita 2,800 chini ya kilele, kwanza kwenye changarawe inayoteleza, kisha kwenye mawe. Fimbo mbili zitaokoa magoti. Kucha za miguu zikate fupi siku moja kabla ya kuondoka nyumbani, na funga kamba za buti upya pale Stella, kwa nguvu, vidole visigonge mbele.