Namna ya Kumsaidia Askari wa Zamani Aliyeshtakiwa Nchini Marekani

Kila tarehe 11 Novemba Wamarekani huwaenzi wote waliowahi kulitumikia jeshi lao, kwa gwaride, hotuba na hata chakula cha bure mikahawani. Heshima hiyo haimfikii aliyeko rumande kwa kesi ya ulevi, dawa za kulevya au ugomvi, ambaye pengine alirudi kutoka vitani na jeraha la akili lisilotibiwa. Watu wa namna hiyo wamewekewa mahakama za matibabu, ambako jaji humsimamia mshtakiwa apate tiba badala ya kumfunga tu, na familia za Waswahili ambazo watoto wao wamejiunga na jeshi hilo zinapaswa kujua namna ya kuzifikia.

Mahakama iliyokuwa mfano kwa nyingine ilianza Buffalo, New York, mwaka 2008, chini ya Jaji Robert Russell. Kabla ya hapo alikuwa na mshtakiwa aliyepigana Vietnam, ambaye kila akihojiwa alijiinamia bila kujibu la maana. Jaji akawaomba wanaume wawili waliokuwa mahakamani, nao askari wa zamani, watoke naye nje wakazungumze. Aliporudi alisimama wima, mikono nyuma, akamtazama jaji usoni na kusema kwamba atajaribu. Ndiyo maana hadi leo mahakama hizi humpa mshtakiwa mlezi wa kujitolea aliyewahi kuvaa sare, ambaye si wakili wala afisa wa uangalizi.

Hatua ya kwanza ni kumwambia wakili mapema kwamba mshtakiwa alikuwa jeshini, kwa kuwa wengi hulificha jambo hilo kwa aibu. Tafuteni hati ya kuachishwa jeshi, iitwayo DD 214. Ikiwa imepotea, mwenyewe anaweza kuomba nakala katika hifadhi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis. Kisha pigeni simu hospitali iliyo karibu ya VA, idara ya serikali inayowahudumia askari wa zamani, na kuuliza mtaalamu anayewashughulikia askari wa zamani walioko mahakamani au jela. Kila hospitali kuu ya VA inaye, na ndiye anayeweza kueleza ni matibabu gani yanayopatikana. Si kila kaunti yenye mahakama hizi, na masharti hutofautiana, hasa kuhusu makosa ya kutumia nguvu na namna mtu alivyoachishwa jeshi.

Kwa asiye raia, hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Mahakama nyingi hizi humtaka mshtakiwa akiri kosa kwanza, kisha shtaka lifutwe atakapomaliza programu. Kwa raia huo ni unafuu mkubwa, ila sheria ya uhamiaji inaweza kuhesabu kukiri huko, pamoja na masharti aliyowekewa, kuwa ni hatia hata baada ya shtaka kufutwa, na mwenye ukaazi wa kudumu akajikuta anakabiliwa na kufukuzwa nchini. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyelitumikia jeshi la Marekani Vietnam, alikiri kosa baada ya wakili wake kumwambia asiwe na wasiwasi. Kesi yake ndiyo iliyoifanya Mahakama Kuu ya Marekani iamue mwaka 2010 kwamba wakili wa utetezi analazimika kumwonya mteja kuhusu hatari hiyo. Kwa hiyo asikiri lolote kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji, hata akiharakishwa vipi.

Akishakubaliwa, ajiandae kwa mwaka mmoja au zaidi wa tiba, vipimo vya mkojo na kufika mbele ya jaji mara kwa mara, na akivunja masharti anaweza kulala jela siku kadhaa. Familia impe usafiri, iondoe pombe nyumbani, na isimtungie visingizio anapokosa miadi. Siku ya mahafali ya kumaliza programu ukumbi huwa wazi kwa wageni. Nendeni kwa wingi. Akizungumzia kujiua, pigeni 988 kisha mbonyeze 1, saa yoyote, hata kama hajasajiliwa VA. Simu hiyo huwapokea jamaa pia.