Jinsi ya kuandika hadithi ya uchawi ya watoto kutoka ngano na pori la Ayalandi

Wengi wanaotaka kuandikia watoto hadithi ya kichawi ya Ayalandi wanakimbilia kile kizee cha nguo za kijani na chungu cha dhahabu, afu wanakwama ukurasa wa tatu. Kwenye ngano zenyewe huyo kizee, leprechaun, ni fundi viatu, unamjua kwa mlio wa nyundo nyuma ya kichaka, na mi nakushauri umuache kabisa kwa sasa. Anza na mahali. Manake uchawi wa kule umeshikana na ardhi, kila jiwe, ziwa au mti una mwenyewe, na mwenyewe ana masharti yake, na hayo masharti ndo hadithi yako.

Chukua mfano mti wa hothoni, mti wa miiba unaotoa maua meupe mwezi wa 5. Ukisimama peke yake katikati ya shamba haukatwi, ni wa Aos Sí, wale watu wa vilimani ambao wazee walikuwa wanaogopa hata kuwataja, wanawaita tu "watu wema" ili wasiwakasirishe. Na sio mambo ya zamani tu, mwaka 1999 huko Latoon, wilaya ya Clare, barabara kubwa ilikuwa inapita juu ya mti kama huo, msimulizi wa ngano Eddie Lenihan akapiga kelele mpaka mti ukaachwa ukabaki pembeni ya barabara. Ukishajua hilo huwezi tena kuandika mti wa kichawi kama pambo tu.

Sasa chagua sharti MOJA. Usirundike viumbe wote kwenye kitabu kimoja jamani, púca (anayejigeuza umbo) na selkie (sili anayegeuka mtu) na banshee (mwanamke wa kizimwi anayelia kabla ya kifo) kwenye sura moja mtoto anachanganyikiwa na hamuogopi yeyote. Mi napenda sana lile la kipande cha nyasi cha kupotea: ukikikanyaga unapotezwa hata kwenye shamba unalolijua tangu uzaliwe, unazunguka huoni pa kutokea, na dawa yake ni kuvaa koti nje ndani. Ona linavyokaa kwenye hadithi:

Orla alizunguka ukuta wa mawe mara ya tatu. Lango la mbao lilikuwa hapa hapa, asubuhi alilipanda mwenyewe likiwa na umande. Sasa mawe matupu, na kondoo mmoja anatafuna anamtazama. Akavua koti, akaligeuza, akalivaa mifuko ikining'inia nje kama masikio. Nyuma yake kitu kikalia kwiiii. Lango.

Hakuna fimbo ya uchawi wala maneno ya ajabu hapo, kuna koti tu ambalo kila mtoto analo, ndo maana atalikumbuka.

Kwenye pori usibahatishe. Ayalandi haina nyoka wa porini, na mbwa mwitu waliisha karne ya 18, kwa hiyo ukimweka mbwa mwitu lazima hadithi iwe ya zamani au awe amevuka kutoka upande wa pili, yaani dunia ya hao watu wa vilimani, na hilo la pili ni zuri zaidi. Ulichonacho ni fisi maji mtoni, sungura, paa wekundu kule Killarney, sili wanaochungulia baharini kwa macho kama ya mtu (ndo selkie walikotoka hao, wanaovua ngozi wakifika nchi kavu), na bogi, yaani ardhi nyeusi iliyolowa ambayo ukikanyaga inatikisika chini ya mguu, humo kuna mmea mdogo mwekundu wenye matone ya gundi unaokula wadudu. Mtoto apige magoti auangalie huo mmea kabla hajakutana na kiumbe yeyote, atakuamini kila kitu kitakachofuata.

Saa nazo zitumie. Mwezi wa 6 mwanga unafika mpaka saa 4 usiku, Disemba giza linaanza kuingia kama saa 10 na nusu jioni. Safari ya kutoroka nyumbani iweke kiangazi, ya hofu iweke Samhain, usiku wa tarehe 31 Oktoba, dunia mbili zinapokaribiana.

Alafu bei ya uchawi. Oisín, shujaa wa ngano, alikaa Tír na nÓg, nchi ya ujana usioisha, akidhani ni miaka 3 kumbe 300, aliporudi Ayalandi akaanguka kutoka kwenye farasi, alipogusa udongo tu akazeeka. Kwenye ngano nyingine watoto wanne wa Lir waligeuzwa batamaji wakakaa hivyo miaka 900. Usiogope huzuni hii, watoto wanaiweza kama kuna ndugu anayewashika wenzake, Fionnuala, dada yao mkubwa, alikuwa anawafunika wadogo zake kwa mbawa kwenye baridi ya bahari. Shujaa wako akitumia uchawi apoteze kitu, hata kiwe kidogo, sauti yake ya kuimba, au jina la mbwa wake.

Ukiishiwa, ingia kwenye mkusanyo wa shule wa Dúchas, tovuti ya ngano za Ayalandi, upo bure mtandaoni. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule waliwauliza wazee wao ngano wakaziandika kwenye madaftari. Tafuta ukurasa unaotaja shamba moja na mzee mmoja, kisha andika sentensi yako ya kwanza ukiwa umesimama kwenye shamba hilo.