Kitabu cha picha darasa la awali: hatua kwa hatua, na dawa ya "ndiyooo mwalimu"

Juzi mwalimu wa kujitolea aliyepangiwa darasa la awali hapa shuleni alinifuata saa ya uji. "Dada, hadithi wanaielewa vizuri sana. Nikiuliza wanajibu wote." Nikamwambia kipindi kijacho twende pamoja. Akasoma, akafunga kitabu, akauliza: "Mbuzi alikula kanga, siyo?" Watoto 68: "Ndiyooo!" Nikamwomba niulize na mimi. "Mbuzi alikula embe, siyo?" "Ndiyooo!" Kwa furaha ile ile.

Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilidanganywa na hiyo ndiyooo muhula mzima. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Kitabu

Funika maneno kwa mkono. Kama hadithi bado inaonekana kwenye picha, hicho kinafaa. Kama imepotea, kirudishe kabatini, hata kiwe na jalada la kupendeza namna gani. Vitabu vingi vinavyoitwa vya watoto ni aya ndefu zilizowekewa mchoro mmoja wa pambo. Wewe tafuta kurasa 8 hadi 12, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na jambo moja linaloharibika mbele ya macho ya mtoto.

Shule haina vitabu? Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi za Kiswahili za bure, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na hata kubadili maneno. StoryWeaver ya Pratham Books ya India ni hivyo hivyo. Mimi maneno huwa nayabadili, kwa sababu baadhi ya tafsiri zinanuka kamusi. Pakua kwa kishikwambi, peleka steshenari, toa kwa karatasi ya A3. Usiwaonyeshe kwenye kishikwambi chenyewe. Nilijaribu mara moja: walioko nyuma hawakuona kitu, walioko mbele waligombania kugusa kioo, na hadithi ikafia hapo.

Bora zaidi, chora mwenyewe kwenye manila. Hadithi ninayoitumia hapa chini nimeichora kwa makapeni: bibi anaanika kanga kwenye kamba, mbuzi aliyefungwa mtini anatazama, kamba ya mbuzi imefunguka, bibi anatoka, kanga haipo, bibi anamkazia macho mjukuu mwenye mikono ya udongo, mjukuu analia nyuma ya nyumba, mbuzi huyo, kipande cha kanga kinaning'inia mdomoni, bibi amemkumbatia mjukuu. Kurasa nane. Kuchora sijui. Mwanzoni mbuzi wangu watoto walimwita mbwa, nikamwongezea pembe na ndevu, mambo yakaisha.

Hatua ya 2: Maswali yako

Andika matatu kwa penseli nyuma ya kurasa. Matatu tu.

Hatua ya 3: Kukaa

Kiwango kinachotajwa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi nina 68, kwa hiyo nawagawa: kundi moja mkekani kwa nusu duara, wengine nje na vifuniko vya soda na mwalimu msaidizi. Kama uko peke yako, keti na wote, ila wa mbele leo wawe wa nyuma kesho.

Hatua ya 4: Picha bila maneno

Siku ya kwanza sisomi. Nafunua ukurasa, nanyamaza, wanaangalia, wanasema wanachokiona. Hapa ndipo utakapogundua maneno yatakayokusumbua. Mimi nilidhani "kanga" ni neno jepesi, mpaka mtoto mmoja akabisha kwamba mbuzi hali ndege. Alikuwa sahihi kabisa, kwao wanafuga kanga. Siku hizi naingia darasani na kanga yenyewe begani.

Hatua ya 5: Kusoma

Siku ya pili. Anza na "Paukwa!" waitikie "Pakawa!" na waitikie kwa nguvu zote. Kiitikio kina mahali pake, na mahali pake ni hapa, wakimalizie hapa. Kisha soma mwanzo hadi mwisho bila kukatiza.

Hatua ya 6: Maswali

Hapa ndipo nilipopoteza muhula, kwa hiyo vumilia.

Ile ndiyooo watoto hawakuja nayo kutoka nyumbani. Tumewafundisha sisi. "Tumeelewana?" "Ndiyo!" "Tuendelee?" "Ndiyo!" Na tuna ule mtindo mwingine mbaya zaidi, wa kuacha neno likining'inia: "Mbuzi alikula ka…?" nao wanamalizia "…nga!" Unaweza kumalizia neno hilo ukiwa umelala. Ukitaka kujipima, rekodi kipindi chako kimoja kwa simu, uhesabu mara ngapi umeacha neno njiani. Mimi niliona aibu nikaifuta.

Ukishaacha hayo, utakutana na tatizo la pili, ambalo ndilo lililonichelewesha zaidi kwa sababu linafanana na kuelewa. Niliuliza, "Bibi anajisikiaje hapa?" Msichana mmoja akajibu, "Amekasirika." Vizuri. Nikauliza, "Umejuaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi: "Mwalimu umekunja uso." Kitabu hakukigusa hata kwa jicho. Alikuwa ananisoma mimi. Basi ukiuliza, tuliza uso na sauti. Kuigiza ni kwa kusoma.

Sasa dawa yenyewe.

Kidole kitangulie mdomo. Usiulize "nani alikula kanga?" ukasubiri sauti. Sema, "Njoo unigusie aliyekula kanga," na umtaje mtoto mmoja. Kidole hakiitikii kwa pamoja. Mtoto asiyejua, kidole chake kitaelea juu ya ukurasa, utamwona, wala hutahitaji kumuaibisha. Wa kutaja usimchague kwa macho, maana utajikuta na wale watano wa kila siku. Mimi nina kopo lenye vijiti 68 vyenye majina, nachomoa.

Anza na yanayoonekana: nani, nini, wapi. Kisha nenda kwenye yasiyochorwa: kwa nini bibi alimkazia macho mjukuu na si mbuzi? Jibu halijaandikwa popote. Liko kwenye ile mikono ya udongo. Mtoto akiigusa mikono hiyo bila kuambiwa, huyo ameelewa, hata kama hakutamka neno.

Ukiuliza, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Kumi ni ndefu, utatamani kujijibu. Usijijibu.

"Umejuaje?" uliza kila jibu, la kweli na la makosa. Mimi kwa wiki nyingi niliwauliza waliokosea tu. Watoto si wajinga: walijua kwamba ukisikia "umejuaje" badilisha jibu, nikawa na darasa zima linalokana majibu sahihi. Kulirekebisha hilo kulinichukua muda kuliko jambo lingine lolote kwenye ukurasa huu.

Mara moja kwa kipindi danganya. "Bibi alikula kanga." Nyamaza, uso mkavu. Siku za mwanzo utapata ndiyooo, usikasirike, fungua ukurasa tu waone. Baada ya siku chache mtoto mmoja atasema "siyo" kwa sauti ya chini huku akikuogopa. Mpokee huyo kwa uzito kuliko aliyejibu sawa, kwa sababu ameamini kitabu dhidi ya mwalimu.

Lugha. Huku kwetu wengi wanaingia darasani na Kisukuma, Kiswahili wanakikuta shuleni. Mtoto akigusa mbuzi akasema "mbuli", amejibu. Itikia, "Ndiyo, mbuzi," uendelee. Usimrudishe aseme upya, hiki ni kipindi cha hadithi. Nilikuwa na mvulana ambaye kwa miezi miwili sikumsikia sauti. Siku moja tulikuwa tunabishana nani mwenye kosa, wenzake wakisema mbuzi, akajibu kwa Kisukuma, haraka haraka, kwamba kosa ni la bibi kwa sababu hakumfunga vizuri. Nilirudi ukurasa wa tatu kuitazama ile kamba niliyoichora mwenyewe. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Na swali la kuacha kabisa: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto wa miaka mitano atakujibu "tuwe na adabu". Mpe hadithi ya mvua, tuwe na adabu. Mpe ya sungura na kisima, tuwe na adabu. Hilo swali lisubiri madarasa ya juu.

Hatua ya 7: Kupanga picha

Toa kopi ndogo za kurasa, zikate, changanya. Funga kamba kati ya dirisha na dirisha, wape vibanio vya nguo, waanike hadithi tangu mwanzo mpaka mwisho. Anza na picha tatu, usitoe nane siku ya kwanza.

Tahadhari moja: usiseme amekosea kabla hajakusimulia. Wanaosoma madrasa wamezoea kuanzia kulia, na mtoto anaweza kuanika picha zote kwa mpangilio sahihi kutoka kulia kwenda kushoto. Hadithi anaijua, upande tu ndio umegeuka. Mimi nafunga kitambaa chekundu mwisho wa kushoto: "Tunaanzia kwenye nyekundu." Ila kama kanga imeliwa kabla ya kuanikwa, hapo rudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Kumbukumbu

Daftari la kawaida, watoto watano kwa siku. Vyema vitatu: amegusa, amesema kwa nini, amesimulia. Fomu ndefu hutazijaza, tusidanganyane.

Kitabu kimoja kikae wiki nzima. Walimu wengi wanabadilisha kila siku wakidhani watoto watachoka, kumbe anayechoka ni mwalimu. Ijumaa kitabu kinakuwa chao: mmoja anakaa kwenye kiti changu, anawaonyesha wenzake picha na kuwauliza maswali, mengine magumu kuliko yangu. Ukurasa unaochakaa kwangu daima ni wa saba, pale kwenye mdomo wa mbuzi, kwa kuguswa. Ziba kwa selotepu pana ile ya maboksi, pande zote mbili. Nyembamba inabanduka kabla ya Jumatano.