Jinsi ya Kukusanya Viko vya Kale Bila Kutawaliwa Navyo

Mkusanyaji wa viko vya kale vya kuvutia tumbaku hudhani kwamba kinachomvuta ni kiko chenyewe, ilhali kinachomvuta zaidi ni msako. Usiku wa kusubiri mnada ufungwe hapati usingizi, lakini kifurushi kikishafika na kufunguliwa, hamu hushuka kwa saa chache tu na macho yake hurudi kwenye matangazo. Wanaokusanya kalamu za wino, saa au sarafu wanaijua hali hii vizuri. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha, kwa majaribio ya wanyama, kwamba zawadi isiyotabirika hushikilia tabia kwa nguvu kuliko ile inayokuja kila mara, na kupekua vitu vilivyotumika ni zawadi ya namna hiyo hasa. Mwongozo huu haukutaki uache kukusanya; unakuonyesha namna ya kuweka kazi nyingine mahali pa ununuzi.

Anza na daftari. Toa viko vyote, hata vile vilivyofichwa nyuma ya nguo, uvipange mezani, kisha uandike kila kimoja umbo lake, maandishi yaliyogongwa kwenye shina (sehemu kati ya bakuli la tumbaku na mdomo), bei uliyolipa pamoja na usafirishaji, na mara ya mwisho ulipokishika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayouma. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba nilikuwa nimenunua mara mbili umbo lile lile la mtengenezaji yule yule, kwa sababu tu nilikuwa nimesahau kwamba cha kwanza ninacho. Jumlisha gharama zote, na usizikadirie.

Kisha punguza uwanja. Atakayesema anakusanya viko vizuri hana mpaka, kwa kuwa vizuri havitakwisha. Lakini anayekusanya viko vya Saint-Claude, mji wa milima ya Jura nchini Ufaransa uliojulikana kwa viko vya mzizi wa kichaka cha Erica arborea, ana sababu ya kuviacha vya London vipite. Mwingine atachagua viko vya Peterson, watengenezaji wa Dublin nchini Ireland, ambao mfumo wao wa kunasa unyevu ulipata hataza mwaka 1890, na atajifunza kusoma alama zilizogongwa kwenye pete ya madini ya fedha iliyo kwenye shina ili kukisia umri wa kiko. Elimu ya namna hiyo huchukua muda mrefu na haihitaji kununua kitu. Sir Thomas Phillipps wa Uingereza, aliyetamani kuwa na nakala moja ya kila kitabu duniani, alijaza nyumba na kuandamwa na madeni. Alifariki mwaka 1872, na uuzaji wa maktaba yake uliendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa tufike penye ugumu, yaani dakika ile unapokiona kiko unachokitaka. Usikinunue siku hiyo. Andika kwenye daftari bei yake, sababu ya kukitaka, na kile ulicho nacho kinachofanana nacho, kisha urudi baada ya siku 7. Utajiambia kwamba kitachukuliwa, na kweli vingine vitachukuliwa. Lakini viko vingi vya kale vilitengenezwa viwandani kwa wingi, na kilichokosekana mwezi huu mara nyingi huonekana tena. Kama ni mnada, weka dau lako la juu mara moja, kisha ufunge ukurasa hadi kesho yake. Anayekaa akitazama dau likipanda huanza kukiona kiko ni chake kabla hajakilipia, na hapo hutoa pesa ili asinyang'anywe. Zima pia arifa zote za minada; msako uwe na siku yake katika juma.

Jioni zilizobaki zitumie kwa viko vilivyomo nyumbani, kwa maana vingi vilinunuliwa vikiwa vichafu na vingali vichafu. Mdomo wa ebonaiti, ambao ni mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, hubadilika kuwa wa kijani au kahawia kwa mwanga na hewa. Usugue kwa msasa laini uliolowa, ukipanda hatua kwa hatua hadi ung'ae, na usiguse alama ya mtengenezaji. Ndani ya bakuli kwangua masizi mpaka libaki tabaka jembamba la milimita moja hivi, kwa sababu tabaka nene hutanuka kwa joto na linaweza kulipasua bakuli. Njia ya moshi ipitishie vijiti vya kusafishia vilivyochovywa katika pombe kali hadi vitoke vyeupe, ukiangalia pombe isidondoke nje, kwa kuwa hufuta rangi. Kiko kilichotoka kuvutwa usikichomoe mdomo kingali moto. (Kukusanya viko, naongeza, hakukulazimishi kuvuta tumbaku, wala madhara yake hayapungui kwa kuwa kiko ni kizuri.) Kiko kimoja kikifanywa hivi hula jioni nzima.

Kama unaficha vifurushi, unakopa ili ununue, au vyumba havitumiki tena kwa kujaa, basi daftari halitoshi. Tangu mwaka 2013 wataalamu wa afya ya akili wa Marekani wanautambua ulimbikizaji kama ugonjwa unaojitegemea, na yapo matibabu ya mazungumzo yanayousaidia. Mwone mtaalamu.

Kwa wengine, hatua iliyobaki ni kuuza: kwa mwaka mmoja, kila kimoja kinachoingia kitoe viwili. Itakuwia vigumu, kwa kuwa mtu hukithamini zaidi kitu kikishakuwa chake. Jambo hilo mwanauchumi Richard Thaler alilieleza mwaka 1980. Kwa hiyo bei isitokane na moyo wako, bali na bei ambazo viko vya aina hiyo vimeuzwa kweli. Taja nyufa na alama za meno bila kuficha, na kama kuna kipande cha pembe ya ndovu, chunguza sheria kwanza, maana biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali. Pesa ikishaingia, iweke katika akaunti usiyolipia minada.